Niliponda mchoro makumbusho ya Istanbul, dili la ngozi likaning'inia

Salaam aleikum wakuu, na wale wa habari, habari zenu pia.

Hii si porojo, yamenikuta mimi mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa Isiolo, nauza ngozi za mbuzi. Stoo yangu iko Chechelesi. Majuzi nikaalikwa Istanbul na Selma, mama mwenye kiwanda cha mikoba. Alitaka kuniona ana kwa ana kabla ya kuamua kama atanunua ngozi zangu.

Kina mama wa kijiji cha Biliqo walikuwa wameshanijazia stoo ngozi kwa mkopo, kwa neno langu tu. Kurudi mikono mitupu ilikuwa aibu ambayo singeweza kuibeba.

Uoga? Hapana. Aliyekulia mnada wa mifugo hatishwi na suti.

Siku ya kwanza hakuna biashara. Selma akanipeleka makumbusho ya sanaa. Nilidhani nitasinzia.

Wapi! Nilizunguka vile vyumba mdomo wazi. Kuna mazulia yametundikwa ukutani, na sisi kwetu tunayakanyaga tu.

Tukafika kwa mchoro wa mbuzi mlimani. Wakuu, ule mchoro ulinishika. Unaona kabisa manyoya yanapepea.

Sasa hapa mnielewe. Kwetu mnadani, mnyama uliyempenda hutakiwi kumsifu. Ukimsifu bei inapanda, na watu wanaogopa jicho la husuda. Unamtia kasoro. Kadiri unavyompenda ndivyo unavyomponda, na mwenyewe akisikia anajua mteja amefika. Asiye na haja hupita kimya.

Basi nikamimina mapenzi yangu yote.

"Huyu beberu mgongo umepinda. Yule kwato mbovu. Na huyu wa nyuma, hata bure simchukui!"

Selma akaugeukia mchoro. Halafu akasema taratibu, "Aliyechora ni baba yangu. Alifariki mwaka jana."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na stoo yangu pamoja nami.

Lakini sikukimbia. Nikamshika mkono.

"Dada Selma, pole sana. Kwetu hivyo ndivyo tunavyosifu. Mchoro mbaya ningeupita kimya, kama nilivyopita vile vyungu vya mlangoni."

Nikamweleza mnada wote, pale pale mbele ya mbuzi wa marehemu. Alinisikiliza bila kucheka. Akanirudisha hotelini, akaniaga kwa heshima tu. Chakula cha jioni sikukisikia ladha.

Kesho yake kiwandani nikatandaza sampuli mezani. Wafanyakazi wakasimama kutazama. Selma akachukua ngozi ya kwanza, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga. Uso mkavu.

"Hii ina kovu."

Akachukua nyingine. "Hii nyembamba."

Akaokota ya mwisho, akaipapasa, akaikumbatia kifuani.

"Na hii, hata bure siichukui."

Wakuu, nililia mbele za watu na sioni haya kusema. Naye macho yalikuwa yamemlowa. Tulipomaliza kukubaliana nikapiga simu Biliqo.

"Kina mama, ngozi zenu zimetukanwa Istanbul!"

Nikasikia vigelegele.

Nilichojifunza: ukienda ugenini usiiache desturi yako nyumbani, ila ieleze kabla haijamuumiza mtu. Na wenzangu wa biashara, mkisafiri ingieni makumbusho. Mtu anakuonyesha anachokipenda, na hapo mnajuana kuliko ofisini.

Haya, uwanja ni wenu. Upondeni huu uzi, nijue mmeupenda.