Uso wa Mamdogo Ovidia Ulishuka Mlima Mara Mbili

Jumanne moja asubuhi mamdogo wangu Ovidia alishuka mlima kwa pikipiki, akapita kizuizini, akampungia mlinzi mkono, akaenda zake.

Mlinzi hajamaliza kahawa yake, mamdogo akashuka tena.

Pikipiki nyingine, uso uleule. Akapunga mkono. Akaenda zake.

Tatizo lilikuwa moja tu: hakuwa amepanda. Na njia ya kupanda mlima wetu ni hiyohiyo ya kushukia, hakuna nyingine.

Kabla hujaanza kukemea mapepo, tulia. Sisi watu wa pwani ya Pasifiki, huku Kolombia, uchawi tunaujua, na huu haukuwa uchawi. Ulikuwa uchoraji.

Mchoraji ni mimi.

Majina nimebadilisha, mlima siutaji, na sisi tumeshahama. Kwa hiyo usijisumbue kuuliza.

Niite Harli. Wakati huo nilikuwa nasoma shule ya bweni ya mapadri, nami nilikuwa nimerudishwa nyumbani "nikatafakari mwenendo wangu". Kosa langu: nilichora uso wa padri wa nidhamu kwenye boga, nikalivika kofia yake, nikaliweka kwenye kiti chake ukumbini wakati wa chakula.

Wanafunzi waliingia wakaliamkia kwa adabu. Mmoja aliliomba ruhusa ya kwenda zahanati. Boga halikukataa, akaenda.

Basi nikafika nyumbani na begi langu na toba yangu, nikamkuta mamdogo amefungwa bendeji kichwa kizima.

"Karibu, Euclides," akaniambia.

Nilisimama mlangoni kama nimemwagiwa maji. Euclides ni mjomba wangu. Alikufa mimi sijazaliwa.

Mamdogo ndiye aliyenilea. Alikuwa dereva wa bodaboda, mwanamke pekee kwenye kijiwe chao, na wanaume walimheshimu kwa sababu ulimi wake ulikuwa na breki mbovu kuliko za pikipiki zao.

Mlima wetu ulikuwa na wenyewe. Tuliwaita Vijana, ingawa wengine walikuwa na mvi. Mkubwa wao aliitwa Injinia, mtu ambaye hajawahi kujenga hata banda la kuku. Vijana walikuwa na bunduki, walikuwa na maadui, na walikuwa na hofu. Hofu yao kubwa ilikuwa helmeti.

Mtu akivaa helmeti hujui ni jirani analeta samaki au ni mtu aliyetumwa kukumaliza. Kwa hiyo chini ya mlima wakaweka mwanzi katikati ya barabara, na ukutani wakaandika kwa herufi kubwa: VUA HELMETI. ONYESHA USO.

Sasa fikiria. Chini ya kizuizi kuna lami tambarare na askari wa barabarani, watu wote wamevaa. Juu ya kizuizi kuna udongo mwekundu, kona kali, na mvua ambayo kwetu huwa haina likizo. Huko watu wote vichwa wazi, helmeti wamezitundika kwenye viwiko.

Mlima wetu ulikuwa na viwiko salama kuliko vyote Kolombia.

Mamdogo alianguka kwenye kona ya juu, amempakia mama mmoja na ndoo yake ya samaki. Mama akachubuka goti. Samaki wakapona, kama samaki aliyekufa anaweza kupona. Mamdogo akagonga kichwa kwenye jiwe.

Aliyemwokota ni Arley, mmoja wa Vijana. Alivua shati lake akamkandamiza jeraha, akamshusha mwenyewe hospitali huku damu inamlowesha mgongo.

Daktari alisema wazi, na mimi nilikuwepo siku ya kutoa nyuzi.

"Mama, ubongo wako ulivimba. Ukigongwa tena, pigo hata dogo, siwezi kukuahidi kitu. Helmeti kila safari, kila mahali. Tumeelewana?"

"Daktari, wewe unakaa wapi?" mamdogo akauliza.

"Mjini."

"Ndiyo maana."

Akarudi kazini. Angefanya nini? Lakini hakuwa yule. Alitia chumvi kwenye maji ya sukari guru, akanywa, akasema leo tamu. Aliita jiko "kile kitu cha moto". Mara nyingine alisimama katikati ya chumba, mkono umeshika kovu, akijaribu kukumbuka alikuwa anakwenda wapi.

Mimi mtu wa mzaha, lakini hapo sikucheka. Kila alipowasha pikipiki kupanda mlima, nilisikiliza mlio wake kona kwa kona mpaka upotee.

"Mamdogo, vaa tu. Watakufanya nini?"

"Wataniua, Euclides."

"Harli."

"Wewe pia watakuua."

Nikawa nakaa kibarazani nikiwaza. Wanataka kuona uso. Sawa. Hawa watu watapewa uso mpaka wachoke.

Nilichukua helmeti yake ya zamani, ile inayofunika mpaka kidevu, nikachora. Nyusi na kipaji juu, pua na mdomo kidevuni. Kioo chake cheusi katikati kikawa miwani ya jua. Nyuma nikachora nywele zake za kusuka.

Akaitazama kwa makini.

"Huyo mama mkwe wangu anatafuta nini humu ndani?"

Ni kweli, pua iliharibika. Ilikuwa imeumuka kama mandazi. Nikaitundika msumarini jikoni, nikachora ya pili kwenye helmeti yake mpya. Hiyo ikatoka yeye mwenyewe, mpaka ule mdomo wa dharau.

Kesho yake nikapanda nyuma yake, tukaenda kizuizini. Mlinzi alikuwa Tulio, kijana mnene mwenye usingizi.

"Vua helmeti!"

"Nivue nini?" mamdogo akajibu. "Huu si uso? Huoni?"

Tulio akainama, akatazama. Akazunguka nyuma, akatazama. Akamwita Injinia kwa simu.

Injinia akashuka na watu wake. Yule bwana akaizunguka pikipiki polepole, mkono kiunoni, juu ya bastola. Kisha akacheka mpaka akashika mti.

"Jamani! Huyu amependeza kuliko mwenyewe. Pita, mama, pita!"

Ndani ya helmeti nilimsikia mamdogo akishusha pumzi ndefu.

Ilivyoenea sasa! Kijiwe kizima kikanijia. Nilichora mzee Gumercindo na jino lake la dhahabu. Nilichora pacha wawili, wakagombana nani ni nani. Mlima mzima ukawa unapanda na kushuka ukiwa na vichwa viwili-viwili, na walioanguka waliinuka wakitukana, ambayo ni dalili nzuri ya afya.

Lakini nikaona kitu ambacho kilinikosesha raha.

Tulio aliacha kutazama watu. Aliona jino la dhahabu, akasema "Shikamoo, mzee Gumercindo," akainua mwanzi. Siku hiyo aliyekuwa ndani ni mpwa wa Gumercindo.

Nikakumbuka boga.

Sikumwambia mtu. Ndipo ikaja ile Jumanne.

Mchana habari ikasambaa kwamba Arley hayupo. Hayupo kwao, hayupo kwa mpenzi wake. Na Arley hakuwa mtu wa kutoka hivihivi. Kazi yake kwa miaka ilikuwa kukaa kizuizini na kujua sura za watu, kwa hiyo kila mtu alijua yake. Tena kwa Vijana ukiingia, hutoki. Ukitoka, umebebwa.

Tulio akabanwa. Akakumbuka kwamba Ovidia alishuka mara mbili.

Kesho yake wakatukusanya uwanja wa mpira. Helmeti zote zikapangwa chini kama mboga sokoni. Injinia safari hii hakuwa na kicheko.

"Ovidia. Jana ulishuka mara ngapi?"

"Ninaposhuka, nashuka mara moja, bosi."

"Tulio alikuona mara mbili."

"Tulio ana macho mawili. Labda kila moja liliniona mara yake."

Mtu akacheka nyuma, akajuta. Injinia akasogea mpaka wakawa pua kwa pua.

"Uliongea lini na Arley?"

Mamdogo akakunja uso. Mkono ukaenda kwenye kovu.

"Arley... ndiye yupi?"

Watu wote walijua kichwa chake kilivyo. Injinia naye alijua.

"Tulio, huyo wa pili alikuwa na uso gani? Huuhuu?"

Hapo nilikufa kidogo. Helmeti ya pua mbovu haikuwa tena msumarini, nilikuwa nimeliona hilo asubuhi. Tulio akisema pua ilikuwa tofauti, wataijua ilikotoka.

Tulio akaitazama helmeti ya mamdogo pale chini. Akisema alidanganywa na mchoro, atakuwa amejihukumu mwenyewe.

"Huuhuu, mkuu. Pua ileile kabisa."

Mungu awape walinzi wote wa dunia uvivu kama wa Tulio.

"Kila siku mnanitazama," mamdogo akasema taratibu. "Kama hamnitofautishi na picha, kosa ni langu au la macho yenu?"

Injinia akamtupia Tulio nondo.

"Zivunje. Anza na ya huyu mama."

Tulio akaweka uso wa mamdogo juu ya jiwe, akainua nondo, akapiga.

Helmeti ikaruka, ikabiringika, ikasimama. Imechubuka nyusi.

Akairudisha, akapiga tena. Ikachubuka shavu. Akapiga, akapiga, jasho linamtoka, na ule uso unamtazama tu kwa ile dharau yake. Mamdogo alisimama wima, lakini kila pigo lilipotua niliona bega lake linashtuka.

Nyuma yangu mzee Gumercindo akanong'ona, "Kichwa cha mtu kingekuwa kimekwisha kwa pigo la kwanza."

Hata Vijana walikuwa wameacha kutafuna bazoka. Wote tulikuwa tumehesabu kichwani, kila mtu na kichwa chake.

Mwishowe ikapasuka. Ndani likaonekana lile povu jeupe, zima upande mmoja.

"Kuanzia leo vichwa wazi," Injinia akasema. "Hakuna michoro, hakuna helmeti."

"Sawa, bosi," mamdogo akasema. "Basi mimi naishia kizuizini."

"Unasemaje?"

"Chini naendesha, nimevaa. Juu natembea kwa miguu. Kutembea hukukataza."

Nilidhani tunazikwa siku hiyo. Injinia alimtazama, akatazama watu, akaondoka.

Kesho yake mamdogo akashusha abiria pale kwenye mwanzi. Abiria alikuwa jirani yetu Carlota, na mtungi wa gesi.

"Wewe Ovidia! Mimi nipande na hili dude mgongoni?"

"Nisamehe, jirani."

"Wewe na kichwa chako!"

"Ndicho nilicho nacho."

Alitukanwa na mlima mzima. Maziwa yalichelewa, wazee walipanda wakihema. Kuna usiku tulikuta mavi ya mbwa mlangoni. Lakini mzee Gumercindo naye akaanza kuishia kizuizini. Wakafuata pacha. Kisha kijiwe chote.

Na kumbe bia ya Injinia ilikuwa inapandishwa na bodaboda.

Nimewaona kwa macho yangu, wanaume wenye bunduki, wamebeba kreti begani, wanateleza kwenye udongo, wanatukana mama zao. Tulio alidondosha kreti zima. Mlima ulinuka bia mpaka jioni.

Haukupita muda, tukaamka tukakuta nusu ya ukuta imepigwa chokaa. Yalibaki maneno mawili: ONYESHA USO. Hakuna aliyetangaza. Tulio tu alinong'ona kwamba helmeti za uso wazi, zile zisizo na kidevu, sasa ruksa.

Sanaa yangu yote ile, na jibu lilikuwa linauzwa sokoni. Si bora kama ile nyingine, kidevu kinabaki nje. Lakini kichwa kinafunikwa.

Siku tuliyokuwa tunafunga mizigo kuhama, simu ya mamdogo ikalia. Ujumbe wa sauti. Alikuwa anaosha vyombo, akaniambia nifungue.

"Mama, ni mimi. Niko mbali, nimevuka mpaka. Nilianguka siku ileile ya kutoroka, darajani, namkwepa mbwa. Kichwa kiligonga ukingo, helmeti ikapasuka katikati. Mimi mzima. Uliniambia nifunge mkanda, nikafunga. Tangu siku ile nilipokuokota nilikuwa nasikia ule mlio wa kichwa chako kwenye jiwe. Sasa nalala."

Nikamfuata na simu mkononi.

"Mamdogo. Ulimpa wewe?"

"Nimpe nani?"

"Arley!"

Akafuta mikono kwa kitambaa, akanitazama kwa yale macho yake ya baada ya ajali.

"Arley ndiye yupi?"

Mpaka leo sijui kama siku ile uwanjani alikuwa amesahau kweli. Namuuliza kila Krismasi. Kila Krismasi ananiambia nile, chakula kinapoa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nakuachia haya. Pikipiki ina spea: tairi, taa, hata injini unapata. Kichwa hakina duka. Helmeti ya kiwikoni inalinda kiwiko, na isiyofungwa mkanda ni bakuli tu. Na mtu akikuamuru ukiache kichwa chako wazi ili yeye awe salama, muulize kwanza bia yake anapandishiwa na nani.