Saa za Umande

Siku ya kwanza nilipoingia shamba la pamba, nje ya Malindi, kikapu changu kilinifika kifuani. Wazungu walikuwa wamekuja kulima pamba, nao walitaka watoto. Vidole vyembamba huchomoa pamba bila kubeba takataka za ganda. Ganda lenyewe lina ncha, linachana nyama ya pembeni mwa kucha mpaka damu. Nyinyi hamjui.

Sasa sikilizeni linalonichoma. Pamba haichumwi ikiwa na umande. Ukiitia guniani mbichi huota ukungu. Basi tulifika alfajiri, tukakaa chini kungoja ikauke. Na chuo kilikuwa ng'ambo ya ua tu, tunawasikia wenzetu wakisoma Kurani!

Nikamwendea nyapara, msimamizi wetu. "Shikamoo, baba. Turuhusu tukasome mpaka umande ukauke."

"Marahaba. Kisha nikupigie mbiu urudi? Kaa chini, mwanachuoni mkubwa wee!"

Watoto wakacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi. Nikakaa hivyo mpaka nikavunja ungo, hata alifu siijui.

Nyapara alipokufa, Bwana Shamba, yule Mzungu mwenye mali, akanikabidhi mimi watoto. Kesho yake nikawapeleka wote chuoni, mdogo wangu Mwanaisha mbele. Wakasoma saa za umande. Jua likipanda, nawaita. Pamba haikupungua hata kikapu. Mwanaisha akaanza kuunganisha herufi.

Asubuhi moja Bwana Shamba akapita mapema, akanikuta peke yangu.

"Watoto wako wapi?"

"Wanasoma, bwana. Pamba bado mbichi."

"Wakijua kusoma, nani atachuma? Walete, au nenda zako."

Nikaenda kuwaita. Ndiyo, mimi. Mwalimu akaniambia, "Mwanangu, waache japo wamalize sura." Sikuwaacha. Mwanaisha aling'ang'ania ubao wake; nikampokonya.

Kazi nimeiacha zamani, na shamba limerudi kichaka. Watu huniambia eti ni umaskini uliotukosesha kusoma, bibi. Umaskini gani? Tulikuwa tumekaa bure! Saa zile hazikumfaa mtu yeyote. Bwana Shamba alitunyima tu, nami nikamshikia kamba.

Mwanaisha sasa ana wajukuu. Barua ya mwanawe ikija, huipeleka kwa jirani, asomewe siri zake kwa sauti. Nimemwomba radhi mara nyingi. Hunijibu, "Dada, yamepita hayo."

Hayajapita.