Vikapu Sitini na Neno Moja

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, gari jeupe la kampuni niliyoitumikia miaka kumi na tisa lilisimama mbele ya duka langu la zawadi pale Rubwera, na dereva akaanza kuteremsha vikapu vyangu. Niliangalia saa kwa mazoea. Kazi yangu huko ilikuwa kupokea na kurudisha mali, na kila kilichoingia au kutoka nilikiandikia saa yake.

Vikapu vilikuwa sitini, vya mfuniko, vimesukwa kwa nyasi na nyuzi za mkonge na mama mmoja wa Kaisho pamoja na wenzake saba. Kampuni ilikuwa imeviagiza kwa sherehe ya wafanyakazi, kila mmoja apewe chake. Walisuka wiki sita. Sasa vilirudi vimeshindiliwa kwenye magunia: vikapu kwenye magunia matatu, mifuniko yote kwenye gunia la nne. Aliyewahi kushika kikapu cha aina hii anajua kwamba mfuniko husukwa kwa kipimo cha mdomo wa kikapu chake, na haukai vizuri kwingine.

Nyuma ya dereva alishuka afisa manunuzi. Huyu nilimfundisha kazi mimi. Alikuja na shahada yake hajui kutofautisha hati ya kupokelea mali na ankara. Mimi niliyeishia kidato cha nne na kujisomea vitabu vya uhasibu vya mitumba nilikaa naye miezi miwili nikimwelekeza. Mwaka uliofuata akawa bosi wangu. Wakati ule sikulalamika. Nalalamika sasa.

Mama wa Kaisho alikuwa ameketi dukani, amekuja kwa bodaboda kufuata nusu ya malipo yao iliyobaki. Afisa alimpita kama anavyopita kiti.

"Marahaba!" alisema mama kwa sauti.

Dereva alicheka. Afisa akageuka. "Aa, shikamoo mama."

"Nimeshaitikia, baba. Endelea na safari."

Afisa alinigeukia mimi. "Mzee wangu, umetuaibisha. Watu wamefungua zawadi mbele ya mkurugenzi kutoka makao makuu. Ndani wamekuta nini? Mavi ya mbuzi!"

"Mavi ya mbuzi?"

"Yamefungwa kwenye jani la mgomba. Meusi, makavu, ya mviringo. Mhasibu alipiga kelele, akakirusha kikapu mpaka kwenye sahani za pilau."

"Huyo mhasibu ni mtu wa wapi?" aliuliza mama.

"Wa mbali huko, mama."

"Na wewe?"

Alirekebisha tai yake. Ni mtu wa Karagwe, na sote tulijua.

"Umekuzwa kwa akamwani," mama alimwambia, "leo umevaa tai unaiita mavi ya mbuzi."

Ilikuwa kahawa, ndiyo akamwani. Ni buni zilizochemshwa na kukaushwa, za kutafuna. Mgeni akifika nyumbani kwetu ndicho kitu cha kwanza kuwekewa kiganjani, kabla hata hajaulizwa habari za alikotoka. Mama wa Kaisho huweka punje kumi na mbili katika kila kikapu anachomaliza, kwa sababu kwake kikapu hakitoki mkononi kitupu. Nakiri kwamba hata mimi nilikosea mwanzoni. Wiki niliyofungua duka nilizimwaga zote na kufuta vikapu kwa kitambaa ili ving'ae. Mama alipogundua alivibeba vyote akaondoka navyo.

"Unataka wanaopewa vikapu vitupu wadhani wanafukuzwa?" aliniuliza nilipomfikia barabarani. Nikaomba radhi. Alirudi kwa onyo: nikirudia sitamwona tena, wala wenzake.

Sasa afisa alitoa karatasi kwenye bahasha. Niliitambua kabla hajaikunjua. Ilikuwa fomu ya kurudisha mali, na niliitunga mimi katika mwaka wangu wa sita wa kazi. Sehemu ya nne, sababu ya kurudisha, niliweka maneno manne ya kuchagua: upungufu, uharibifu, uchafu, mengineyo. Alama ilikuwa imewekwa kwenye uchafu. Chini yake walikuwa wameongeza kwamba hayo yametokana na uzembe wa muuzaji.

"Saini tu, mzee. Uvisafishe, Ijumaa napita kuvichukua, hela yako yote inatoka. Na kila mwaka tutaagiza kwako. Mimi nimekupigania sana."

Kila mwaka vikapu sitini. Kodi ya chumba ilikuwa inaisha mwezi ule, na mteja mwingine wa namna hiyo sikuwa naye.

"Andika kahawa," nilisema.

"Hakuna pa kuandika kahawa."

"Palikuwa na mengineyo."

"Waliyaondoa. Watu walikuwa wanaandika hadithi ndefu."

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Kazi ile niliiacha kwa hiari, na sababu ilikuwa zawadi. Kila mlinzi au dereva aliyestaafu alipewa saa ya ukutani ya plastiki. Mimi ndiye niliyezipokea, zikija kwa maboksi. Siku moja mlinzi aliyekesha getini miaka ishirini na miwili alipewa saa yenye jina la mtu mwingine, na alipouliza aliambiwa hata hivyo inaonyesha muda uleule. Nilichukua kiinua mgongo changu nikafungua duka ili niuze vitu ambavyo aliyevitengeneza alijua kwamba vitapewa mtu. Na sasa watu walewale walitaka nitie sahihi kwamba heshima ya mama huyu ni uchafu.

"Karatasi inasemaje?" mama aliuliza. Nilimsomea yote, polepole, sikuruka kitu.

"Hilo neno ni la nani?"

"Niliandika mimi, mama. Zamani."

"Basi lifute."

Nilichukua rula na kalamu, nikaufuta uzembe, nikalifuta neno uchafu kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake nikaandika kahawa, nikaweka sahihi na saa: tano na dakika tano. Afisa aliitazama karatasi akatikisa kichwa.

"Fomu iliyofutwa haipokelewi, mzee. Unajua."

Najua. Kanuni hiyo nayo niliiweka mimi.

Aliondoka nayo hivyohivyo. Siku mbili baadaye ilikuja barua ya kudai malipo ya awali waliyonipa, shilingi laki sita, nikayarudisha wiki hiyohiyo. Sikutaka kubaki na hata senti yao.

Gari lilipoondoka, mimi na mama tulimwaga gunia la nne sakafuni tukaanza kutafutia kila kikapu mfuniko wake. Yeye alikuwa akitambua kwa vidole, mimi kwa kupima na kamba. Mpaka saa tisa alasiri tulikuwa tumepata hamsini na saba. Mifuniko mitatu haikuonekana. Vikapu vile vitatu viko mezani pa duka hadi leo, vimejaa akamwani, na kila anayeingia hutafuna kabla ya kuuliza bei.

Duka nimelihamishia chumba kidogo zaidi, jirani na fundi cherehani. Mama na wenzake niliwalipa kama tulivyokubaliana, elfu kumi na nne kila kikapu, jumla laki nane na elfu arobaini. Vikapu arobaini na viwili nimeviuza kimoja kimoja, kwa bei ya elfu kumi na tano, kwa watumishi wa wilaya na wenye harusi, jumla laki sita na elfu thelathini. Kumi na tano bado viko rafuni, na kila kimoja kina punje zake kumi na mbili.

Hasara hadi leo: shilingi laki mbili na elfu kumi.