Picha Namba Nne

Barua ilifika Jumanne asubuhi nikiwa nimevaa miwani ya kuchomelea, geti la mteja limelala mbele yangu kama ng'ombe aliyechinjwa. Simu ikatetemeka mfukoni. Nilivua glavu, nikafungua barua pepe, nikasoma mstari wa kwanza, kisha nikaketi juu ya lile geti, ambalo lilikuwa bado moto. Nilisimama haraka kuliko nilivyowahi kusimama kwa wimbo wa taifa.

Ilitoka kwa watu wa uhamiaji wa Kanada. Mke wangu ni nesi huko. Alikuwa ameondoka miaka miwili na miezi minne kabla ya hapo, na alipopewa ruhusa ya kuishi huko moja kwa moja, tuliomba nimfuate kama mume wake. Tulituma vyeti, meseji na picha. Sasa walikuwa na swali moja. Mwanamke ninayemkumbatia kwenye picha namba nne, ile niliyoiandikia "Siku ya ngurario, nikimchagua bibi arusi", haonekani kuwa ndiye mke wangu. Tueleze, kwa ushahidi, ndani ya siku thelathini. Tusipoeleza, wataamua kwa yale yaliyomo kwenye faili. Mimi nilimaliza sekondari kwa madarasa ya jioni nikiwa na miaka thelathini na moja, na sikuhitaji mtu wa kunitafsiria hapo. Maana yake ni kwamba watatukataa, na mke wangu abaki kule nami nibaki huku Kiuu nikichomelea mageti ya nyumba za watu wengine.

Na walikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu mwanamke yule kweli hakuwa mke wangu. Alikuwa tata yake, mdogo wa mama yake, mama wa miaka hamsini na kitu aliyemlea tangu utotoni.

Kwa msomaji ambaye hana wakwe Wakikuyu, nieleze. Ngurario ndiyo sherehe inayoifunga ndoa kimila. Kabla ya mambo mengine, wanawake kadhaa wa upande wa bibi arusi wanafunikwa leso kutoka utosini hadi kwenye vifundo vya miguu, wanapangwa mstari kama magunia ya viazi, na bwana arusi anaambiwa amtoe wake. Akikosea anatozwa faini, na kicheko cha wanawake kinasikika mpaka wilaya ya tatu. Mimi nilikwenda nimejiandaa. Viatu vya mke wangu nilikuwa nimevinunua mwenyewe, vyeupe, vyenye kifungo cha rangi ya dhahabu. Nikapita mstari nikiangalia chini kama polisi anayetafuta gurudumu lililoisha, nikaviona, nikafunua leso, nikakumbatia kwa nguvu zote za ukoo wetu. Kumbe wanawake walikuwa wamebadilishana viatu. Mpiga picha akabonyeza hapo hapo, leso ikiwa bado imefunika nusu ya uso wa tata na mimi nikitabasamu kama mshindi wa uchaguzi.

Kwa nini niliituma picha hiyo? Kwa sababu nilipendeza. Suti ilinikaa kama ya waziri. Kwenye picha inayofuata, ile ninayomtoa mke wangu mwenyewe, macho yangu yamefumba nusu na mdomo umebaki wazi, nafanana na kuku aliyemwagiwa maji. Nikaiacha. Huku kwetu mtu yeyote akiiona namba nne anajua ni ule mchezo, anacheka, anapita. Sikufikiria kwamba faili litasomwa na mtu ambaye hajawahi kuona mwanamke akifichwa kwa leso kwenye harusi yake mwenyewe.

Nilimpigia mke wangu akiwa kwenye mapumziko ya zamu.

"Ulituma picha ya tata?"

"Picha zilikuwa kumi na nane. Ni hiyo moja tu."

"Na ile yetu, uliweka namba ngapi?"

"Ile sikuweka. Niko vibaya."

 Nilisikia mashine fulani ikilia nyuma yake, ti, ti, ti.

"Uko vibaya," akasema.

"Mdomo uko wazi."

"Mzee, unataka kuolewa na serikali ya Kanada ama unataka kuja kwangu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema amechoka, na kabla sijamwambia aombe likizo akaongeza kwamba si kazi inayomchosha. Halafu mtu akamwita, akakata.

Kuanzia siku hiyo makalio yangu yalikosana na viti. Nilikula nikisimama. Nilikata vyuma vifupi, nikavikata tena vikawa vifupi zaidi, hata mteja mmoja akaniuliza kama geti lake ni la kuku. Barua ile niliisoma labda mara elfu saba, nikitumaini kwamba mara moja itasema kitu kingine.

Siku ya tatu nilikwenda saiba moja, duka la intaneti, mjini Ruiru kuchapisha meseji zetu zote, ili nitume ushahidi wa kuangusha lori. Karatasi zikatoka mpaka mashine ikapata joto. Nikakaa kwenye benchi nje nikaanza kuzisoma, nikidhani nitajifurahisha. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunaandikiana kama wapenzi. Alinieleza theluji, nikamweleza mvua. Mwaka wa pili tulikuwa kama walinzi wawili wanaokabidhiana zamu. Umefika? Nimefika. Umekula? Nimekula. Lala salama. Kurasa kwa kurasa. Nilitafuta mahali pa kicheko, nikapata moja, na mwenye kucheka nilikuwa mimi. Pale kwenye benchi, jua likinichoma kisogo, nilijiuliza kwa mara ya kwanza kama yule afisa haoni kitu ambacho sisi wenyewe hatujakiona. Nikazifunga karatasi kwa kamba, nikatembea mpaka stendi, nikapita matatu ya kunirudisha Kiuu, nikatembea mpaka stendi nyingine bila sababu yoyote.

Kitu kilichohitajika kilikuwa wazi: ile picha ya kuku, pamoja na barua ya kiapo kutoka kwa tata akieleza ni yeye aliyekumbatiwa na ni kwa nini. Lakini tata hakuwa anashika simu zangu. Nilimpigia siku sita. Siku ya saba, Jumamosi, nikapanda boda boda kutoka Thika mjini hadi kwake Ngoingwa, nikamkuta jikoni anachambua njahi, yale maharagwe meusi, kwenye ungo. Aliponiona hakuinuka.

"Muthoniwa, umekuja kunishtaki," akasema. Ndivyo anavyoniita, mkwe wake.

"Nani amesema, tata?"

"Mtoto amenipigia. Amesema serikali imekasirika juu ya ile picha. Mimi nishaomba Mungu msamaha."

"Hakuna kosa lako hapo."

"Liko. Mambo ya viatu ni mimi. Wengine walitaka tumfiche bibi arusi na leso tu. Nikawaambia aca, hapana, huyu kijana wa madarasa ya jioni anajifanya mjanja, ataangalia viatu."

"Niliangalia."

"Si nilijua." Akacheka kidogo, kisha akakumbuka ana huzuni, akarudisha uso. "Na sasa huyo msichana yuko huko peke yake kwa sababu nilitaka kucheka."

Nikavuta kigoda nikajaribu kukaa. Nikasimama. Nikamweleza kwamba ninachotaka ni barua tu, aandike yaliyotokea, halafu twende kwa wakili aapishwe.

"Watanishika?"

"Wakushike kwa nini?"

"Kukumbatiwa na bwana ya mtu."

"Wewe ulikumbatiwa. Wa kushikwa ni mimi."

Akapepeta njahi mara mbili, akitafakari sheria hiyo. "Basi nitaandika. Lakini kwanza uniambie. Mara ya pili ulimjuaje?"

Hapa niseme kwamba kwa miaka yote nilikuwa nikisimulia kuwa nilisikia sauti kutoka juu. Nimeisimulia kanisani, kazini na kwa kinyozi, na kila mara sauti iliongezeka ukubwa, mpaka ikawa na mwangwi. Nikaanza kumpa tata hiyo hiyo.

"Wacha," akasema. "Hiyo umewauzia watu wa Ngoingwa wote. Mimi naenda kuapa. Sema ya ukweli."

Nikamwambia. Baada ya kucheka kwao niliona aibu, nikaogopa kuangalia tena viatu, nikaangalia watu. Wa nne kutoka mwisho alikuwa ameegemea upande wa kulia, kiuno kimetoka kidogo, kama mtu aliye kwenye foleni ambayo anajua haitaisha leo. Nilikuwa nimemwona akisimama hivyo madarasa ya jioni, alipokuja kurudia kemia ili apate nafasi ya unesi, akiitwa mbele aandike ubaoni. Nilikuwa nakaa nyuma. Mwaka mzima nilisoma ule mgongo kuliko kemia yenyewe. Basi nilimjua. Hakukuwa na sauti.

Tata aliacha kuchambua. Mkono ukabaki ndani ya njahi.

"Mguu wa kushoto ulivunjika," akasema. "Alikuwa darasa la nne. Alianguka kwa ule mti wa avokado hapo nje. Nilimbeba mgongoni kumpeleka shule muhula mzima."

"Hajawahi kuniambia."

"Hapendi iongelewe. Daktari alisema amepona, na amepona. Hakuna mtu anaona. Mimi nilikuwa najua ni mimi tu naona." Akaniangalia kama mtu anayeona mwenzake amevaa nguo yake. "Ii, sawa. Leta karatasi."

Aliandika saa mbili nzima kwa Kiswahili, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, na kila nilipojaribu kusoma aliifunika kwa mkono. Jumatatu tulikutana kwa wakili mjini Thika, kijana mwenye kola safi sana. Hapo ndipo niliposhika ile barua na elimu yangu ikanipanda kichwani. Nikaona haina "kwa mujibu wa". Haina "hivyo basi". Nikamwambia wakili kwamba ningependa kuipiga msasa kidogo, niiwekee lugha nzito. Akaisoma kimya mpaka mwisho, akarudi mwanzo akaisoma tena.

"Ukiigusa nakufukuza," akasema. "Itatafsiriwa vile ilivyo."

Tata akaapa kwa sauti ya kanisani, mkono juu, akiangalia dari. Nakala ninayo, na sehemu yake inasema hivi: "Yule mwanamke kwa picha ni mimi. Nilivaa viatu vya mtoto wangu ili nimdanganye, na nikamdanganya, akanikumbatia mimi, tukacheka. Alipoambiwa atafute tena hakuangalia chini. Alimjua mtoto wangu akiwa amefunikwa mwili wote, kwa vile anasimama. Huyo mtoto nimemlea mimi na nilifikiri hiyo kitu naijua peke yangu. Sijui huko kwenu mnapima ndoa na nini. Mimi nimepima na hiyo."

Tulituma siku ya ishirini na moja: barua ya tata na tafsiri yake, picha ya kuku, na kurasa chache tu za meseji, za mwaka wa kwanza na za mwaka wa pili, zote mbili. Nilitamani kuzificha zile za pili. Mke wangu ndiye aliyesema zitumwe. "Hiyo pia ni ndoa," akasema, kwa sauti ambayo sikuijua vizuri.

Jioni yake akapiga simu. Alikuwa ametoka kuisoma barua ya tata. Nilimngoja aseme kitu, nikatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, hatua nne, na kurudi hatua nne.

"Hujawahi kuniambia ni vile nasimama," akasema. "Nilijua ulibahatisha. Ile ya sauti kutoka juu sikuamini hata siku moja."

"Hata mimi sikuiamini."

"Kwa nini hukusema?"

"Sauti ilikuwa inapendeza zaidi."

Akacheka, cheko fupi, la kwanza kwa miezi mingi. Kisha akasema, bila kubadilisha sauti, kama anayesema atapika chai: "Wakikataa mimi narudi."

Nikasimama pale dirishani.

"Unarudi likizo?"

"Narudi. Nilisema na moyo wangu kabla hata hiyo barua ije. Nilikuwa nangoja nione kama unatafuta hizo karatasi kwa sababu yangu ama kwa sababu ya Kanada."

 Nilikuwa nimeshakusanya ushahidi wa kumshawishi afisa, na mtu aliyekuwa akinipima alikuwa kwenye simu muda wote, akiuliza kama nimekula. Nikataka kumwambia asiache kazi nzuri. Nikataka kumwambia apande ndege usiku huo huo. Yote mawili yalikuwa kweli.

"Umeniskia?"

"Nimekuskia."

"Na unasemaje?"

"Nasema uulize kama hospitali za huku Thika zinaandika watu kazi."

"Nishauliza," akasema. "Wiki iliyopita."

Jibu halijafika hadi leo ninapoandika. Bado nakula nikisimama. Simu ikitetemeka, chuma kinaniponyoka. Lakini tumeacha kungoja upande mmoja. Mimi nimepimwa afya na pasipoti yangu iko tayari. Yeye ametuma maombi ya kazi kwenye hospitali mbili, Thika na Ruiru, na tata amepaka rangi chumba cha nyuma kwake bila kuulizwa. Majirani wa hapa Kiuu wakiniuliza nasafiri lini, nawaambia mmoja wetu atapanda ndege kabla mwaka haujaisha. Wanauliza ni nani. Nawaambia waniulize kitu rahisi.