Radi Niliyoisikia Nikiwa Mezani

Msiniambie nisahau. Kila wingu jeusi likijikusanya kusini mwa Johannesburg, hasira yangu inapanda upya, na wa kwanza kuistahili ni rafiki yangu fundi cherehani, Mkongo wa Lubumbashi, mwenye gari.

Mwaka 2017 nilikuwa nasuka nywele Joubert Park mchana, jioni nasomea upigaji picha Newtown. Mwisho wa kozi kila mwanafunzi alipewa nafasi ya picha moja ukutani, kwenye maonyesho. Yangu nilishaitangaza kwa mdomo mpana: radi ikipiga juu ya jiji. Mwalimu aliniazima kamera na stendi yake, nirudishe Jumatatu pamoja na picha. Ilikuwa imebaki Jumamosi tu, siku ambayo saluni inajaa mpaka mlangoni, na nilimpigia bosi magoti ndipo akaniachia.

Saa nane mchana tukaondoka watatu: fundi kwenye usukani, mimi pembeni yake, na nyuma shoga yangu wa saluni, kazi yake kuchungulia wingu linaelekea wapi. Lilikuwa linakuja zito, chini lina ukijani. Mpango ulikuwa kulisubiri juu ya kilima, nyuma ya Turffontein, jiji lote likiwa mbele yetu.

Kwenye robot, taa ya barabarani ilipowaka kijani, fundi akakata kushoto.

"Kaka, kilima hakiko huko."

"Najua, dada. Kuna suti ya bwana wa tantine. Dakika mbili tu, namuachia getini."

Suti! Ilikuwa inaning'inia nyuma tangu tulipoondoka, nami nikidhani ni yake ya kanisani.

Getini wapi! Tantine, yaani shangazi yake, alitoka mbio akatukumbatia mmoja mmoja, na kabla sijafungua kinywa tulikuwa tumeketishwa mbele ya bukari, ugali wao, na sombe, yaani kisamvu, na samaki. Nikamkanyaga fundi chini ya meza. Akahamisha mguu, akaongeza sombe. "Tukitoka bila kula ataona tumemdharau," akaninong'oneza. Shoga yangu, msaliti yule, alikuwa anasifia pilipili.

Ngurumo ya kwanza ikatikisa vikombe. Nikasimama. Tantine naye akasimama, tena haraka kuliko mimi. Akazima televisheni, akavuta mapazia yote, akakifunika kitenge kioo cha kabati, maana kioo, alisema, kinaita radi. Halafu akaiona stendi ya kamera niliyoingia nayo.

"Chuma hiki, mwanangu!"

Akaenda kuisukuma chini ya kitanda chake. Aliporudi akafunga mlango wa mbele, ufunguo akautia kifuani.

"Mama, naomba nitoke hapo barazani tu."

"Utoke? Nikamwambie nini mama yako? Kaa. Kula."

Nikakaa. Jamani, nilikaa! Dhoruba ikaja ikasimama juu ya bati letu, mvua ya mawe ikapiga hadi tukawa hatusikilizani. Mwanga mweupe ulikuwa unapenya chini ya pazia, tena na tena. Wiki tatu nzima nimeifukuzia radi, sasa iko pale nje hatua kumi, na mimi nachambua miiba ya samaki. Nilitamani kulia kwa hasira.

Mlango ulipofunguliwa mbingu ilikuwa safi, ya bluu, ya kuudhi. Fundi akaokota mawe ya barafu, akajipiga picha kwa simu.

"Dada, si upige haya?"

Nilimtukana. Nilichosema sikirudii hapa. Lakini tantine alipokuja na kopo la sombe la kwenda nalo nyumbani, nililipokea kwa mikono miwili nikasema asante mama. Ilihitajika sentensi moja tu: mama, nimekuja kwa ajili ya picha hii, nifungulie. Angenibishia, ndiyo. Angenuna. Lakini mimi hata sikuitamka, na hilo ndilo linaloniunguza kuliko upuuzi wa fundi.

Jumatatu nikarudisha kamera. Ukutani, kwenye nafasi yangu, msumari ulikuwa umeshapigiliwa. Mwalimu akauliza picha iko wapi. Ningesema nini, kwamba nilikuwa nakula?

"Dhoruba haikuja," nikasema.

Akanitazama. Kisha akatazama dirishani, kwenye gari lake, bodi yote imebonyea kwa mvua ya mawe ya Jumamosi. Alichukua nyundo, akaung'oa msumari.