Kadi Mbili na Kaptula Thelathini

Nilipoweka cherehani yangu barazani kwetu Likombe nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuwa na elimu nyingine. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani akanipa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata: kaptula thelathini za khaki, ziwe tayari shule zitakapofunguliwa. Aliniambia wazi kwamba nikishindwa atampa fundi wa Mikindani, na kwamba kazi ikishakwenda Mikindani hairudi. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Kaptula zile ndizo zilizokuwa sabuni, nepi na sukari ya uji wake.

Mikono nilikuwa nayo, sindano nilikuwa nazo. Khaki sikuwa nayo, na khaki wakati ule mtu kama mimi hakuingia tu dukani akainunua. Ilitaka kadi.

Habari za kadi tuliletewa na katibu wa duka la ushirika. Alivaa suti ya mikono mifupi yenye mifuko minne, na katika mfuko mmoja kalamu tatu; sikuwahi kumwona akiandika na hata moja. Alitueleza mafundi kwamba mwenye kadi ya mkopo atachukua kitambaa leo na kulipa msimu wa korosho. Kadi yenyewe ilikuwa ya kijani. Muda si mrefu duka la jumla la mjini nalo likatoa yake, nyekundu. Hiyo malipo yake yalikuwa kila mwisho wa mwezi, lakini walisema mwenye nayo hapangi foleni. Kisha likaja agizo: fundi mmoja, kadi moja. Ukitaka ya pili, ya kwanza uirudishe.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuchukua ya kijani. Ilinigharimu picha mbili, barua ya balozi wa nyumba kumi, na siku tatu za kukaa kwenye benchi nikimsubiri mwenye mhuri arudi kutoka kunywa chai. Sasa nikaanza kuitamani nyekundu. Nilipiga mstari katikati ya ukurasa wa daftari, kijani huku, nyekundu huku, nikaandika sifa za kila moja. Mimi huandika polepole, kila herufi kama naishonea tundu la kifungo, kwa hiyo ukurasa ule ulinichukua wiki mbili. Nyekundu: hakuna foleni. Kijani: kulipa baada ya korosho. Kijani tena: katibu ni jirani. Hilo la mwisho niliandika kwenye sifa, halafu nikalihamishia kwenye kasoro. Swali moja tu sikuliandika, kwa sababu lilionekana la kijinga, na mimi kumwuliza katibu swali la kijinga mbele ya watu nisingeweza.

Siku hizo mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Mahurunga kumwangalia binti yake. Kwa heshima sikumtazama usoni wala sikukaa naye mkeka mmoja. Yeye alikaa chumbani, mimi uani, tukazungumza ukuta wa udongo ukiwa katikati. Kwangu desturi hiyo ilikuwa raha tupu.

Asubuhi niliyokata shauri kuchukua nyekundu nilivaa shati la Idi. Sijui aliniona kwa tundu gani, ila aliniuliza naenda wapi nimependeza hivyo. Nikamjibu naenda kwa habari ya kadi.

"Kwa kadi?"

"Ndiyo, mama. Nimefikiri wiki mbili. Leo namaliza."

"Na mwenzako anajua?"

"Hajui, mama. Kwa hali yake, sikutaka kumsumbua."

Akanyamaza. Nikahesabu ukimya ule kuwa ni baraka, nikaondoka.

Nilipaswa kukumbuka kwamba mama mkwe alikulia Kimakonde, Kiswahili alikipata ukubwani. Katika kinywa chake, kama kwa wengi wa kwao, ile "dh" haikai. Yule mzee wa dini anayeandika talaka, kadhi, kwake yeye ni kadi.

Ofisini katibu alipokea daftari langu, akalisoma kwa sauti, akacheka pale kwenye "jirani". Kisha akaiweka kadi yangu ya kijani mezani, akasema, "Ndugu fundi, usituchezee. Ukitaka ya pili, hii ya kwanza unairudisha leo hii. Na ikirudi, huipati tena."

"Unairudisha na mimba yake?"

Mama mkwe alikuwa mlangoni, kanga ameifunga kiunoni, kichwani kabeba furushi la nguo za binti yake. Katibu akaitazama ile kadi mezani, akaigeuza upande wa pili.

Ilichukua muda watu kuelewana. Mimi sikusaidia, maana ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kuwa chumba kimoja, nami nilikuwa nikitazama miguu ya meza. Katibu akatoa hotuba: kadi ni maendeleo, kadi ni kujitegemea. Namna mtu anavyojitegemea kwa mkopo hakufafanua. Mama akatua furushi, akalikalia, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza lile swali la kijinga.

"Hiyo khaki yenyewe iko wapi, niione?"

Katibu akasema haijafika. Mama akauliza itafika lini. Iko njiani. Na ya duka la mjini? Nao, akasema katibu, wanangoja lori hilohilo. Nikainua macho kwenye rafu kwa mara ya kwanza. Palikuwa na majembe yasiyo na mipini, na katoni nne za wino wa mihuri.

"Basi mmempa mtu karatasi ya kukopea kitu ambacho hakipo," akasema mama. "Naye kakaa wiki mbili anachagua rangi."

Tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma kwa hatua ishirini. Mke wangu aliposimuliwa alicheka mpaka tukamhofia, na tangu siku hiyo akamwita mama yake Kadi, kwa jinsi alivyoikata ile kesi.

Wiki iliyofuata likaja gunia la makopa, ile mihogo mikavu, kutoka kwa mdogo wake mama mkwe, mfanyabiashara wa kule mpakani, kando ya mto Ruvuma. Katikati ya mihogo lilikuwamo jora zima la khaki. Sikuuliza limevukia wapi. Masharti ya mkopo nilitajiwa kupitia ukutani: magauni mawili, na nisifikiri tena peke yangu kwa wiki mbili.

Kaptula zilikamilika siku moja kabla ya shule kufunguliwa, thelathini zote, zikinuka muhogo. Katibu alikuja mwenyewe kuchukua ya mwanawe. Aliinusa, akanitazama, akauliza khaki hii nimeipata wapi, maana lori bado.

"Nimeipata kwa Kadi, ndugu Katibu."

Akafikiri kidogo, akauliza ya kijani au nyekundu.

Nyuma ya ukuta mtu alikohoa, kikohozi cha kuficha kicheko. Mimi nikainamia cherehani. Katibu akaikunja kaptula, akaitia kwapani, akaenda zake.