Gap-sun na Wasiokula Mboga

Katika shule ya msingi iliyo chini ya milima ya mkoa wa Gangwon, mahali ambapo zamani watu waliishi kwa makaa ya mawe na sasa wanaishi kwa kabichi na viazi, mpishi mkuu alikuwa mwanamke mmoja aliyeitwa Tak Gap-sun. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na sauti yake ingeweza kumsimamisha mtu aliye ng'ambo ya mto. Walimu walimwita Mama Su-hyang, kwa jina la binti yake. Watoto walimwita Mama Mdogo.

Watoto wale arobaini na sita aliwapikia kwa sheria moja tu. Hakuna aliyelazimishwa kumaliza mboga. Ila kabla hujamwaga ulichobakiza, ulipitia kwenye dirisha la jikoni, ukamwambia kwa nini umekikataa.

"Sipendi tu," mtoto angesema.

"Hata mbuzi akikataa jani ana sababu yake," Gap-sun angejibu huku akifuta mikono kwenye aproni. "Ni chungu? Inanuka? Ni ngumu? Inakukumbusha mtu?"

Watoto walianza kufikiri. Mmoja aligundua kwamba hana ugomvi na karoti yenyewe, ana ugomvi na karoti iliyopoa. Mwingine alisema spinachi humfanya meno yahisi yamevaa soksi. Siku moja Ye-rin, binti wa darasa la pili mwenye ulimi mkali kama wembe, alisimama dirishani na sahani yenye biringanya.

"Hii ina nini?" Gap-sun akauliza.

"Inateleza."

"Inateleza kama nini?"

Ye-rin akafikiri. "Kama makamasi. Makamasi ya mtu mwingine."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, lakini Gap-sun hakucheka. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama daktari anayesikiliza mgonjwa. "Ya mtu mwingine. Hapo pana tofauti kubwa," akasema, na sahani akaipokea.

Wiki iliyofuata alikatakata biringanya vipande, akavianika juani siku mbili hadi vikawa kama ngozi, kisha akavikaanga kwa vitunguu saumu na mafuta ya ufuta. Ye-rin alikula vitatu, akabakiza kimoja.

"Haitelezi tena," akatoa taarifa dirishani. "Lakini bado haijawa nyama."

"Hilo siwezi kukusaidia," Gap-sun akasema.

Utaratibu ule hakuupata kwenye kitabu cha mapishi. Alipokuwa na miaka minane, mwalimu wake alimketisha mbele ya biringanya iliyopoa mpaka wenzake walipomaliza masomo ya siku nzima. Mwishowe aliimeza yote kwa mkupuo, na yote ikarudi juu ya daftari lake. Baada ya hapo alikaa miaka ishirini bila kuigusa biringanya. Alipoolewa, wifi yake alimwandalia kitu cheusi, kitamu, cha kutafuna, naye akauliza ni nyama gani. Wifi alipomwambia ni biringanya, Gap-sun alikigeuzageuza kile kipande kwenye vijiti vyake. Kumbe miaka yote ile biringanya haikuwa imemkosea kitu. Chuki yake ilikuwa kwa yule mwalimu.

Kisha akazaa. Tangu mchanga, Su-hyang alitema majani ya haradali kana kwamba amelishwa sumu, huku baba yake akiyala kwa raha kutoka chungu kilekile. Mtoto hakuwa mkorofi. Ulimi wake uliuonja uchungu ambao ulimi wa baba haukuuona kabisa. Tangu hapo Gap-sun aliamini kwamba mtu akisema chakula kinamshinda, anasema kweli, na kazi ya mpishi ni kuutafuta huo ukweli mahali ulipojificha.

Mwaka 2009, majira ya kuchipua, shule iliajiri mlinzi mpya. Heo Pan-seok alikuwa mzee wa miaka sitini na mitatu, mchimbaji mstaafu wa makaa ya mawe, mpole, mwenye kikohozi kikavu. Asubuhi aliwavusha watoto barabara, mchana akala nao ukumbini. Alikula wali wote, samaki mpaka mifupa, akanywa mchuzi wa nyama bila kubakiza tone. Mboga za majani alizirudisha zote, kila siku, zikiwa zimefunikwa kwa karatasi laini, kama mtu anavyofunika uso wa aliyelala.

Watoto wana macho. Kufikia mwezi wa sita, darasa zima la pili lilikuwa likifunika mboga kwa karatasi.

"Hata Babu Mlinzi hali," Ye-rin akamwambia Gap-sun. "Mbona yeye haji dirishani kueleza?"

Swali hilo lilimchoma, maana lilikuwa la haki.

Siku hiyohiyo mwalimu mkuu, Bwana Ban, akaja jikoni. "Mama Su-hyang, ndoo ya makombo imejaa tena."

"Nimeiona, Mwalimu."

"Ni yule mzee. Mwambie ale mboga mbele ya watoto, ama akale peke yake kibandani kwake."

"Mtu mzima kama yule nimwambie afungue mdomo?"

"Basi nitamwambia mimi."

"Nipe wiki moja."

"Na wiki ikiisha?"

"Ukimtoa ukumbini, nitoe na mimi." Gap-sun alisikia maneno yale yakimtoka, akashangaa mwenyewe. Bwana Ban alimtazama, akatazama sufuria kubwa zinazochemka nyuma yake, akaondoka.

Mchana ule Gap-sun alipeleka vikombe viwili vya kahawa ya pakiti kwenye kibanda cha mlinzi.

"Mzee Heo, mboga zangu zimekukosea nini?"

"Meno, mama. Uzee."

"Meno hayohayo yanayovunja mifupa ya samaki?"

Mzee akacheka, kikohozi kikamkatiza. Gap-sun hakumbana zaidi. Alimsimulia habari ya biringanya, daftari na yule mwalimu, akamaliza kahawa yake, akarudi kuosha masinia.

Siku mbili zikapita. Siku ya tatu, asubuhi, alikuwa akiloweka majani makavu ya figili kwenye maji moto kwa ajili ya supu ya mchana. Mlango wa nyuma ukafunguka. Mzee Heo alisimama kizingitini, mkono puani.

"Mama Su-hyang, funika hiyo sufuria, tafadhali."

Gap-sun akaifunika, akatoka nje, akavuta mlango nyuma yake. Wakasimama karibu na mitungi ya gesi.

"Nilikuwa na miaka tisa," mzee akaanza. "Mavuno ya zamani yalikuwa yamekwisha, shayiri ya shambani bado mbichi. Kila masika ilikuwa hivyo. Mama alichemsha majani makavu ya figili, na suk, yale majani ya porini yenye harufu kali, aliyoichuma kandokando ya mashamba, chungu kizima, na ndani yake ngumi moja ya shayiri. Tulikuwa watoto wanne. Akipakua, shayiri yote ilikwenda kwetu. Yeye alikula majani. Alikuwa akituambia, 'Mimi ni mtu wa mboga, nyie kuleni punje.' Anatabasamu kabisa! Nami nikamwamini. Nilidhani mama anapenda mboga."

Akatazama milima.

"Uso ulimvimba. Miguu ikavimba. Alikufa siku kumi na mbili kabla ya shayiri kukatwa. Tulipovuna, shangazi akatupikia, tukashiba. Nikatazama bakuli langu, halina jani hata moja. Ndipo nikaelewa." Akagusa koo lake. "Si chungu, mama. Ladha yake naijua, wala si mbaya. Ila ikifika hapa, nakuwa nimekaa tena kwenye ule mkeka, naye ananiambia anapenda mboga. Sasa hilo nitakwenda kuwaeleza watoto dirishani?"

Gap-sun alitaka kumshika mkono, hakuthubutu. Alifuta macho kwa kiwiko, kwa kuwa vidole vilikuwa na vitunguu saumu, kisha akauliza swali alilolijua, swali la mpishi.

"Zote zilikuwa za kuchemshwa?"

"Zote."

"Mbichi hamkuwahi kula?"

"Jani bichi hufungiwa wali na nyama, sisi tungefungia nini? Wali ulikuwa wapi? Nyama ilikuwa wapi?" Mzee alikaribia kukasirika.

"Nimekuelewa, Mzee wangu," Gap-sun akasema. Na kweli alikuwa ameelewa.

Ijumaa aliandaa majani ya saladi, makubwa, mabichi, yaliyokaa kwenye maji ya barafu hadi yakasimama wima kama masikio ya sungura. Kando yake akaweka wali moto, nyama ya nguruwe ya kuchoma, vitunguu saumu, na rojo lililochachushwa la soya na pilipili. Kila sinia lilipata vilevile. Hakumfuata mzee mezani. Alibaki nyuma ya mvuke, akijifanya anapangusa dirisha lililokwisha kuwa safi.

Mzee Heo alilitazama jani kwa muda. Akaligusa kwa kidole. Akalinyanyua, akalikung'uta maji, akalilaza kwenye kiganja, akaweka wali, nyama, na rojo kidogo. Akalikunja, akalisukumiza lote mdomoni. Sauti ya jani kuvunjika ilisikika meza ya pili.

"Babu anakula jani!" Ye-rin akapiga kelele.

Vichwa arobaini na sita vikageuka. Mzee, shavu limemvimba, hakuweza kusema wala kumeza.

"Kuleni vyenu!" Gap-sun akanguruma. "Tangu lini mtu akatazamwa mdomoni?"

Mzee alikula majani saba. Kisha akaja na sinia lake dirishani kwa mara ya kwanza, akainama kidogo. "Mama Su-hyang, yamebaki mengine?"

Bwana Ban alifurahi kupita kiasi. "Safi sana," akasema. "Sasa pole pole umwingize kwenye zile za kuchemsha."

"Huko hataingia, Mwalimu."

"Lakini ameshaanza."

"Ameanza anazoziweza. Zile nyingine hana haja nazo, na mimi sina haja ya kumshinda."

Msimamo huo aliushika miaka minane, hadi mzee alipostaafu. Siku ya supu ya majani, mzee alipata supu yake ya yai. Masika, suk ilipochumwa, Gap-sun aliipika huku feni ikielekea msituni na mfuniko haukuinuliwa ovyo. Ilikuwa kazi ya ziada, naye hakuwahi kuitaja. Watoto walipouliza kwa nini Babu ana supu yake, aliwaambia wamwulize mwenyewe. Ye-rin akauliza. Mzee alisimulia kwa sentensi tano au sita, akiendelea kula.

Baadaye Ye-rin alikuja dirishani na bakuli la suk lililobaki nusu. "Mimi naikataa kwa sababu ya harufu tu," akasema kwa aibu. "Sababu yangu ni ndogo, Mama Mdogo."

"Sababu ndogo nayo ni sababu," Gap-sun akamjibu. "Lete bakuli."

Ndoo ya makombo haikuwahi kuwa tupu, lakini karatasi za kufunikia mboga zilitoweka. Mzee alilima kitalu cha saladi nyuma ya kibanda chake, akawa anapeleka jikoni makapu mawili ya majani kila wiki na kulalamika kwamba mpishi anayaosha kwa pupa.

Alifariki miaka minne baada ya kustaafu, mwezi wa kumi, kwa ugonjwa wa mapafu aliotoka nao mgodini. Siku ya kumkumbuka, mwaka ulipotimia, mke wa mwanawe alimwomba Gap-sun amsaidie kuandaa meza ya kumtengea marehemu chakula. Wali, supu, samaki, matunda, vyote vilikuwa tayari. Zilibaki mboga tatu za kuchemsha ambazo desturi inazidai, ya kahawia, nyeupe na kijani.

"Hizo asiwekewe," Gap-sun akasema.

Mjomba mmoja akakohoa. "Meza bila mboga? Tangu lini?"

"Zitakuwepo." Akafungua kapu, akapanga majani mabichi ya saladi kwenye sahani ya shaba, maji yakidondoka bado. "Mzee wenu aliwahi kuniambia sababu, nami nilimsikiliza. Leo amekufa, nijifanye sikumsikia?"

Mjomba alimgeukia mtoto wa marehemu, ambaye alikuwa amepiga magoti mbele ya meza. Huyo akatazama sahani, akavuta pumzi. "Acha yakae," akasema, na ibada ikaanza.

Walipomaliza, Gap-sun hakungoja kuketi na wageni. Ulikuwa msimu wa figili, na shuleni kulikuwa na shehena nzima ya majani yanayongoja kufungwa mafungu na kutundikwa kabla baridi haijaingia.